Nafasi Imewekwa na Nani? Tahakiki ya Istilahi za Kuagizia Chakula cha Misafara Kisiwani Pemba

Miongoni mwa kazi za mwundaji wa istilahi, ile ya kubuni neno jipya ndiyo isifiwayo zaidi, na yamkini ndiyo iliyo nyepesi zaidi. Kazi nzito ni kulichunguza neno ambalo tayari limo midomoni mwa watu, linaandikwa kila siku katika barua na fomu, nalo limebebeshwa maana ambazo hazikupaswa kubebwa pamoja. Neno la namna hiyo ndilo tunalokusudia kulihakiki katika makala haya. Neno lenyewe ni kuweka nafasi, pamoja na jamaa zake: kubuku, kuhifadhi meza, meza ya akiba, na kadhalika. Uwanja wetu ni kisiwa cha Pemba, na shughuli tunayoiangalia ni moja tu: kumtaarifu mwenye mkahawa kabla ya wakati kwamba watu wengi watakuja kula kwake.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kulishughulisha Baraza. Hapana budi basi tueleze kwanza ukubwa wake.

Misafara na chakula chake

Pemba hupokea wageni wa namna mbili. Wapo watalii wa kigeni wanaofikia katika hoteli za pwani, kama zile za Wambaa na za upande wa Ras Kigomasha. Hao hawatuhusu sana, kwa kuwa aghalabu chakula chao kimo ndani ya bei ya malazi, na mapatano yao hufanywa kwa lugha za kigeni. Namna ya pili ni misafara ya wenyewe kwa wenyewe: skuli kutoka Unguja, madrasa, timu za mpira, vikundi vya akina mama, watumishi wa wizara, na jamaa walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na hata Maskati, ambao hurudi kwa ajili ya harusi na sikukuu. Misafara hii hutembelea Msitu wa Ngezi, popo wa Kidike, na magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini. Zikifika siku za Idd, watoto hawana wanalolitaka isipokuwa kupelekwa Tibirinzi, Chake Chake, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto chenye pembea na vyombo vya kuzunguka.

Msafara wa watu 60 si jambo la kumshtukiza mpishi. Samaki hununuliwa asubuhi vinaporudi vyombo vya uvuvi. Nyama huhitaji kuagizwa kwa mchinjaji. Nazi zikunwe, mchele uchaguliwe, masufuria makubwa yaazimwe kwa jirani. Mikahawa mingi ya Chake Chake, Wete na Mkoani ina viti vichache kuliko idadi hiyo, na wapishi wengi wanaopikia misafara ni akina mama wenye mtaji wa siku moja. Mwenye mtaji huo akinunua chakula cha watu 60 kisha wakaja 35, hasara ya watu 25 ni yake peke yake. Na wakija 80, aibu ni yake pia, ingawa kosa si lake.

Mapatano kati ya msafara na mpishi, kwa hiyo, ni mkataba, hata kama umefanywa kwa simu au kwa karatasi ndogo. Na mkataba hauwezi kuwa madhubuti kuliko maneno yanayouunda. Hapo ndipo istilahi inapoingia.

Maneno yaliyopo

Tuanze na mahali penyewe. Neno hoteli katika matumizi ya kila siku lina maana mbili: mahali pa kulala na mahali pa kula. Msafiri husema "nimekula hotelini" akiwa na maana ya kibanda chenye benchi mbili. Fomu inayosema "weka nafasi katika hoteli" bila ya maelezo zaidi inamwacha msomaji asijue kama anaombwa chumba au sahani. Ushauri wetu ni mfupi: katika maandishi rasmi, hoteli ibaki kuwa ya malazi, na mahali pa kula pawe mkahawa. Neno mgahawa, ambalo lina nasaba hiyo hiyo ya kahawa, linafaa pia, almuradi mwandishi achague moja na kushikamana nalo.

Neno kubuku limeenea sana katika mazungumzo, na hatuoni sababu ya kulifukuza huko. Mtu hubuku tiketi ya boti na hubuku chumba, akaeleweka. Wapo wenzetu wanaolipinga kwa kuwa ni la kukopa. Hoja hiyo haina nguvu, maana meza, sahani na hoteli nazo zimekopwa. Kasoro ya kubuku ni nyingine, nayo ni ile ile ya kuweka nafasi, kwamba halisemi ni nani anayefungwa na tendo hilo wala amefungwa kwa kiasi gani. Tutarejea katika jambo hili.

Watafsiri wengine wameandika kuhifadhi meza. Kitenzi kuhifadhi kinafanya kazi nyingi tayari, na katika Pemba kazi hizo ni nzito. Mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani. Kisiwa cha Misali kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 likaanzishwa Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba. Hata kile kiwanja cha watoto cha Tibirinzi ni mali ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Katika matumizi yote hayo, kinachohifadhiwa hulindwa kisiharibike au kisipotee, tena kwa muda mrefu. Meza ya chakula cha mchana haihifadhiwi kwa maana hiyo. Inazuiliwa kwa saa mbili tu, kisha ipewe mtu mwingine.

Baya zaidi ni meza ya akiba. Akiba ni kile kinachowekwa kando ili kitumike haja ikitokea. Mchezaji wa akiba ni yule aliye nje ya uwanja akingoja mwenzake aumie. Basi kibao kilichowekwa juu ya meza na kuandikwa "Meza ya Akiba" kinamwambia mgeni kinyume cha kilichokusudiwa. Kinamwambia kwamba meza hii ni ya ziada, haina mwenyewe, na zikijaa nyingine ana ruhusa ya kuikalia. Mwandishi wa kibao hicho ametafsiri neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, wala hakujiuliza msomaji wake ataelewa nini. Maneno "Meza hii ina wenyewe" yangetosha, na kila mtu kuanzia Mkoani hadi Micheweni angeyafahamu.

Linabaki kuweka nafasi, neno linalopendwa na wengi, na kwa haki. Ni la Kiswahili kwa sauti na kwa muundo, si zito, na limekwisha kubaliwa katika ndege, meli na mikutano. Lakini tuitazame sentensi "Tumeweka nafasi za watu 60." Ni nani aliyeiandika? Inaweza kuwa ni kauli ya kiongozi wa msafara, mwenye maana kwamba ameomba. Inaweza kuwa ni kauli ya mwenye mkahawa, mwenye maana kwamba amekubali na kutenga. Kitenzi ni kimoja, na watendaji ni wawili wenye wajibu unaopingana. Kiongozi akisema "nimeweka nafasi" hudhani kazi yake imekwisha. Mwenye mkahawa akiisikia kauli hiyo hudhani ndiyo kwanza kazi inaanza, na hungoja kuletewa fedha na idadi kamili. Kila mmoja anangoja upande wake, naye ana yakini kwamba zamu ni ya mwenzake.

Matendo matano chini ya neno moja

Tukiuchambua mwenendo mzima wa shughuli hii, tunakuta matendo matano yaliyo mbali mbali.

La kwanza ni kuulizia. Kiongozi anataka kujua kama mahali papo, bei ni kiasi gani, na chakula gani kinapatikana. Hapana anayefungwa na lolote.

La pili ni kuwekesha nafasi. Kiongozi anamwomba mwenyeji amtengee mahali kwa siku na saa fulani. Tunapendekeza hapa kauli ya kuwekesha kwa sababu lugha yenyewe imekwisha itayarisha. Mtu huwekesha fedha kwa jirani mwaminifu, yaani huzitoa mkononi mwake na kumpa mwingine azishike kwa niaba yake. Mwenye kuwekesha ni mgeni, na mwenye kumwekea ni mwenyeji. "Nimewekesha" na "nimekuwekea" haziwezi kutamkwa na mtu mmoja katika mapatano yale yale. Kwa kubadili kauli ya kitenzi tu tumepata wahusika wawili, bila ya kuazima neno lolote kutoka nje. Huenda wengine wakasema kwamba kuwekesha kunanuka harufu ya amana. Ni kweli, na kwetu sisi hiyo ni sifa yake: nafasi iliyowekeshwa ni amana mikononi mwa mwenyeji, haimpasi kuigawa kwa mwingine kabla ya muda kupita.

La tatu ni kuagiza chakula. Tendo hili si sehemu ya lile la pili, ingawa mara nyingi huchanganywa nalo. Msafara unaweza kuwekesha nafasi ya watu 60 na usiwe umeagiza hata kikombe cha chai. Mpishi asiyeambiwa chakula hana la kununua. Fomu yoyote iliyo na mstari wa "nafasi" na haina mstari wa "chakula kilichoagizwa" ina upungufu.

La nne ni kuthibitisha, na hili ni la pande zote mbili. Mwenyeji huthibitisha kwamba amekubali. Kiongozi huthibitisha idadi yake ya mwisho kabla ya siku iliyoafikiwa. Hapa tunaona haja ya kutenganisha idadi ya makisio na idadi thabiti. Idadi ya makisio hutajwa siku ya kuwekesha. Idadi thabiti hutajwa kabla mpishi hajakwenda sokoni, na hiyo ndiyo itakayolipiwa, waje wote au wasije wote.

La tano ni kutangua. Maneno kufuta, kuvunja na kutangua hutumika ovyo. Kufuta ni tendo la kalamu, nalo linafaa kwa jina lililoandikwa daftarini. Kuvunja kunabeba lawama, kwani avunjaye ahadi amekosa. Kutangua ni kuliondolea jambo nguvu yake kwa utaratibu unaojulikana. Msafara unaoahirishwa kwa sababu boti haikusafiri haujavunja ahadi, umetangua. Msafara usiotokea wala usipige simu hauna utetezi huo, na fomu na iseme waziwazi: "wasiofika bila ya taarifa."

Suala la arubuni

Palipo na mkataba wa namna hii pana fedha ya kutanguliza, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo watafsiri wetu wameisahau. Fomu nyingi huandika dipoziti, na nyingine huandika amana. Amana ni kosa la wazi, maana amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyo. Neno la asili ni arubuni.

Arubuni imetokana na Kiarabu, na ni neno la kale mno katika biashara za dunia. Wayunani na Warumi walikuwa nalo kwa sura zao, na Wafaransa wanalo hadi leo kwa umbo la arrhes. Faida ya kuwatazama Wafaransa ni kwamba sheria yao imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Fedha iitwayo arrhes humpa kila upande ruhusa ya kujitoa: mnunuzi akijitoa huipoteza, na muuzaji akijitoa huirudisha mara mbili. Fedha iitwayo acompte ni sehemu ya bei yenyewe, na aliyeitoa amekwisha fungwa na ununuzi wote. Mgeni wa Paris anayetanguliza fedha mkahawani ana haki ya kujua ametoa ipi kati ya hizo mbili. Mgeni wa Chake Chake naye anastahili kujua.

Katika Pemba suala hili lina uzito zaidi, kwa sababu neno arubuni lina historia katika sheria ya Kiislamu. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika visiwa vyetu, hawakuikubali bei ya arubuni, yaani ile ambayo muuzaji huichukua fedha ya kutanguliza pindi mnunuzi anapojitoa. Wanazuoni wa Hanbal waliiruhusu. Si kazi ya afisa wa istilahi kuamua katika mambo ya fikihi, na hatuthubutu. Lakini ni kazi yake kuonya kwamba neno hili likiandikwa katika fomu bila ya maelezo, wasomaji wawili watalisoma kwa namna mbili. Mmoja atadhani fedha yake imekwisha ondoka akighairi. Mwingine atadhani ni dhuluma kumnyima. Ugomvi wao utakuwa umepandwa na mtafsiri.

Ipo na sababu ya pili ya kuwa waangalifu. Karibu na arubuni kinasikika kitenzi kurubuni, ambacho kwa watu wengi leo kina maana ya kulaghai kwa kushawishi. Mwenye mkahawa anayedai arubuni asije akadhaniwa kuwa anarubuni.

Pendekezo letu ni hili. Neno arubuni litumike kwa fedha ya kutanguliza ambayo hatima yake wakati wa kutangua imeelezwa papo hapo, katika sentensi ile ile. Fedha ambayo ni sehemu tu ya bei iitwe malipo ya awali. Na dipoziti iachwe, si kwa ugeni wake, bali kwa kuwa haitusaidii kutofautisha.

Kuhesabu wageni

Tafsiri nyingi huhesabu wageni kwa viti au kwa vichwa. Hesabu ya vichwa inafaa katika mkahawa ambapo kila mtu ana sahani yake. Lakini katika shughuli za visiwani watu wengi hula kwa sinia, na sinia lina desturi zake. Wanaume hukaa na wanaume, wanawake na wanawake, na watoto mara nyingi huwa na yao. Mtafsiri asiyelijua hili huandika fomu isiyomsaidia mpishi.

Tuchukue mfano wa msafara wa watu 60, na tuseme kila sinia ni la watu 5. Anayegawa kwa haraka atapata masinia 12. Lakini kama msafara una wanawake 32, wanaume 17 na watoto 11, basi wanawake watahitaji masinia 7, wanaume 4 na watoto 3. Jumla ni masinia 14. Masinia mawili yaliyozidi hayakutokana na ulafi wa mtu. Yametokana na utaratibu wa kukaa. Kwa hiyo fomu iulize: wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto wangapi, na je, chakula kitaandaliwa kwa sahani au kwa sinia, na sinia la watu wangapi? Mistari minne tu, na mpishi ameokoka.

Mahali pakiwa padogo, wageni hula kwa makundi yanayofuatana. Tumekuta mahali ambapo jambo hili limetafsiriwa kuwa "kikao cha kwanza" na "kikao cha pili." Msomaji wa kawaida atatafuta ajenda na mwenyekiti. Wengine wameandika awamu, neno ambalo kwa sasa limezoeleka zaidi katika vipindi vya uongozi na miradi mikubwa. Neno lipo, nalo ni zamu: "zamu ya kwanza saa 6:30 mchana, zamu ya pili saa 7:30." Hali kadhalika, wanafunzi wa tafsiri wakumbushwe kwamba kuandika meza ni Kiswahili safi cha kupanga vyombo mezani tayari kwa kula. Tumewahi kusikia mwalimu akilisahihisha kwa wino mwekundu, akidhani kwamba mwanafunzi alikusudia kuandika juu ya meza.

Kuhusu kundi lenyewe, tunapendelea msafara. Kundi si kosa, lakini lina ukaribu na ng'ombe na mbuzi. Ujumbe una urasmi wa serikali. Msafara una safari ndani yake, na una mkuu wa msafara, yaani mtu mmoja anayejulikana na kuwajibika.

Saa na usiku

Tumefika kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, nayo haihusu msamiati mpya hata kidogo.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Saa ya fomu zilizotafsiriwa huhesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kiongozi aliyezoea karatasi za ofisini akiandika "7:00" kwa maana ya chakula cha usiku, mpishi ataisoma saa saba, naye atapakua mchana. Tofauti ni saa 6 kamili, na wali hauwezi kungoja saa 6. Kuandika "19:00" kunapunguza utata kwa aliyesoma ratiba za ndege, lakini si kwa kila mpishi. Dawa ni moja: saa iandikwe kwa Kiswahili pamoja na wakati wake wa siku. "Saa 1:00 usiku." "Saa 7:00 mchana." Neno mchana au usiku lisiachwe kamwe, hata kama mwandishi anaona liko wazi.

Utata wa pili ni wa siku yenyewe. Kwa hesabu ya Waswahili na ya Uislamu, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi usiku. Mzee wa Wete akiambiwa kwamba msafara utakula "usiku wa Ijumaa" atawatayarishia Alhamisi, tena kwa haki kabisa. Kijana aliyeandika barua alikusudia Ijumaa baada ya magharibi. Lugha imetupa njia ya kujinasua: tuseme "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa ule wa mwanzo, na "Ijumaa usiku" pamoja na tarehe kwa ule wa baadaye. Maneno "usiku wa Ijumaa" peke yake yasitumike katika mkataba wowote.

Utata wa tatu ni wa sikukuu. Idd hufuata kuandama kwa mwezi, na mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Anayewekesha nafasi ya Idd Mosi wiki mbili kabla, kwa tarehe ya kalenda, amewekesha siku ambayo huenda ikawa ni ya mwisho ya kufunga. Hebu tufikirie mkahawa ulio karibu na Tibirinzi umepikia watoto 60 chakula cha mchana ilhali mji mzima umefunga. Fomu ya msimu huo haina budi kuandika siku kwa jina lake, si kwa tarehe tu: "Idd Mosi, kwa kufuata kuandama kwa mwezi." Na kwa kuwa taarifa ya mwezi huja usiku, idadi thabiti ithibitishwe kabla ya mwezi kutazamwa.

Mfano wa barua

Ili mapendekezo haya yasibaki hewani, tunatoa mfano wa barua ambayo mwalimu au mtumishi wa ofisi anaweza kuifuata:

"Bibi Mwenyeji, Assalamu alaykum. Baada ya kuulizia bei kwa simu, sasa tunaomba kuwekesha nafasi kwa msafara wetu, siku ya Jumamosi, saa 7:00 mchana. Idadi ya makisio ni watu 60: wanawake 32, wanaume 17, watoto 11. Tunaagiza wali, mchuzi wa samaki na kachumbari, kwa masinia ya watu watano watano, jumla masinia 14. Tutaleta idadi thabiti Alhamisi kabla ya saa 10:00 jioni, na hiyo ndiyo tutakayoilipia. Tunatanguliza malipo ya awali, ambayo ni sehemu ya bei. Tukitangua kabla ya muda huo, utarudisha yote. Tukitangua baada yake, utakata gharama ya vitu ulivyokwisha nunua na kurudisha kinachobaki. Tafadhali tuthibitishie kwamba umetuwekea. Mimi, mkuu wa msafara."

Msomaji ataona kwamba barua hii haina neno hata moja lililobuniwa. Kuulizia, kuwekesha, kuagiza, kuthibitisha, kutangua, kuwekea: yote yamo katika Kiswahili cha kila siku, na kilichofanyika ni kulipa kila moja kazi yake. Ataona pia kwamba ni rahisi kwa Bibi Mwenyeji kuijibu. Anajua atapika nini, kiasi gani, siku gani, na fedha iliyo mkononi mwake ni ya namna gani.

Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kuvuka kwenda kwingine. Utaratibu huo umezoeleka kutajwa wakati wa kutafuta majina ya vitu vya sayansi na mitambo. Tunadhani unahitajika zaidi katika mambo kama haya, ambamo mtafsiri hujiona hana haja ya kutafuta kwa kuwa neno lipo tayari. Kuweka nafasi kusifutwe. Kubaki kuwa jina la shughuli nzima, kama kichwa cha fomu. Lakini chini ya kichwa hicho, kila mstari useme nani anafanya nini. Wahenga walisema ahadi ni deni. Fomu iliyoandikwa vyema ni ile inayomwonyesha kila mmoja deni lake kabla moto haujawashwa jikoni.